Gari Lenye Kwikwi

Lile gari liliingia gereji kwetu Manyoni likiruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto. Linavuta, linasita, linavuta, linasita, na abiria wa ndani wanaitikia kwa vichwa, ndiyo, ndiyo, ndiyo, utadhani wako kwenye mkutano wa kijiji na mwenyekiti anagawa mbolea. Likapita jeki, likapita beseni la kunawia, likaja kusimama mbele ya goti langu.

"Fundi yuko wapi?" dereva akauliza, kioo chenyewe bado hakijamaliza kushuka.

"Ulitaka kumgonga sasa hivi."

Akaniangalia. Akaangalia nyuma yangu, kama vile fundi halisi amejificha mgongoni mwangu. "Dada, mimi nauliza fundi."

"Kaka, hii ovaroli sikuivaa kwa ajili ya baridi."

Kiti cha nyuma mtu akacheka. Kicheko cha mgonjwa kile, chenye mapengo ya kuvuta pumzi. "Hango, fundi ndiye huyo. Na kwa mdomo huo, huyo ni Mgogo."

"Mgogo haswa, naitwa Nyemo. Na nyinyi kwa uendeshaji huu mtakuwa Wanyaturu."

"Mtani wangu!" akapiga kofi paja lake mwenyewe, kisha akajuta, maana paja lilimuuma.

Nikasema shikamoo, akaitika marahaba, na hapo adabu ikawa imelipwa, utani ukaanza. Sisi na watu wa Singida ni watani tangu kwa mababu. Mtani ana kibali: naweza kumwambia mzee wao jambo ambalo mwanawe akilitamka ataitiwa kikao. Na wakifiwa, mtani ndiye wa kwanza kushika kazi za msiba.

Mzee mwenyewe aliitwa Gwau Ntandu, mnadi mstaafu wa mnada wa ng'ombe. Sauti ilikuwa bado ya mnadani, lakini mwili ulikuwa umeshauzwa nusu: uso umetuna, miguu imevimba kama viazi vitamu vya mwaka wa mvua. Dereva, Hango, ni mwanawe wa kuzaa. Pembeni ya mzee alikaa binti wa umri wangu, amekumbatia begi la hospitali kama mtu anayelinda nafasi kwenye foleni. Huyo ni Yasinta, mtoto wa marehemu kaka yake mzee.

"Tunawahi Dodoma," Hango akasema. Alikuwa ameshashuka na anazunguka gari, anapiga teke kila gurudumu. "Wodi inatupokea leo kabla jua halijazama. Tukichelewa, nafasi ya upasuaji ya kesho anapewa mwingine, na foleni tunaianza upya. Baba figo zote mbili zimekufa. Yasinta anampa moja. Sisi wengine tulipimwa wote, tukakataliwa. Yake ndiyo imekubali. Sasa fundi, nitengenezee gari."

"Tatizo ni mimi, mtani," mzee akasema, ananyoosha kidole kwenye miguu yake. "Hii miguu imevimba, inaikandamiza sahani, gari linadhani naogopa. Tumevua viatu, tumeweka kanga chini, tumehama kiti. Wapi! Tangu nyumbani nawaomba radhi wenzangu."

Nikapiga magoti, nikakunja zulia la gari.

*

Chini ya zulia la kila gari kuna sahani za ridhaa, moja kwa kila abiria. Hizi za kwao zilikuwa safi, mtu amezifuta kwa kitambaa chenye maji si muda mrefu. Nikachomeka waya wa kisomeo, kijisanduku changu cha kusomea sahani, nikaanza kuzigonga moja moja kwa kidole.

Bibi yangu alikuwa akisimulia kwamba zamani gari lilimtii dereva peke yake. Mabasi yakawa yanaanguka kila wiki, na abiria aliyenusurika anasimulia yale yale: tulipiga kelele, dereva hakusikia. Halafu mtu mmoja mwenye akili akagundua kwamba gari likienda kasi ya kijinga, abiria wote, hata bibi kizee anayesinzia, wanakanyaga breki ambayo haipo. Akasema, basi tuwape hiyo breki.

Ndiyo tuliyonayo. Pedali ya dereva, ambayo bado tunaiita ya mafuta ingawa mafuta yenyewe sijawahi kuyanusa, siku hizi ni ombi tu. Gari linapokea ombi, linasikiliza miguu yote iliyomo ndani, ndipo linavuta. Mguu uliotulia maana yake twende. Mguu uliokaza vidole maana yake ngoja, na gari linapunguza. Ukijifanya mjanja ukainua miguu juu ya kiti, gari linasimama kabisa na kukusubiri uishushe, kama mwalimu anayesubiri darasa linyamaze.

Na sisi mafundi tuna kiapo: kinachosomeka kwenye sahani hakitoki mdomoni. Mguu wa mtu ni kama karatasi yake ya kura.

"Badilisha mota ya nyuma," Chilewa akasema. Huyu ni mwenzangu wa gereji, mtu mzuri sana, ila matibabu yake yote yanaanza na kubadilisha.

"Kwa nini ya nyuma?"

"Ya mbele tulishambadilishia yule padri."

"Na gari la padri lilipona?"

"Padri hajarudi."

"Labda linamshika njiani, Chilewa. Mtu akikwama huko porini hawezi kurudi kulalamika." Nikamgeukia Hango. "Kaka, linamisi likiwa baridi au likishapata moto?"

"Yote."

"Mlimani au tambarare?"

"Popote! Tangu tumetoka nyumbani."

"Na jana?"

"Jana nilikwenda nalo mjini kununua mashuka, likatulia kabisa."

"Na nani?"

"Peke yangu. Dada, maswali haya ni ya fundi au ya polisi?"

Nikaingia uvunguni. Vichwa vya betri vimekaza. Nyaya za magurudumu hazijagugunwa na panya. Raba za mota hazijachoka. Kihisio cha pedali nikakifungua, nikakisafisha, nikakirudisha. Wakati wote huo nasikia viatu vya Hango, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na kila akipita anapiga nati moja teke, na nati hizo ndizo nilizokuwa nazihitaji. Nikatoka uvunguni nikiwa na vumbi la kutosha kupanda mtama.

"Gari ni zima," nikasema.

"Zima wakati linaruka?"

"Chombo ni kizima. Sahani hazisemi kitu zikiwa zimesimama, lazima nitembee nalo. Mguu mmoja mmoja. Ndiyo kanuni ya gereji hii."

Chilewa akanivuta pembeni, akanong'ona kwa ile sauti yake ambayo ng'ambo ya reli wanaisikia. "Kanuni ya nini? Mzee wa watu anakufa. Weka soksi."

Hiyo soksi kila gereji inayo na hakuna gereji inayoikiri. Unachukua mchanga wa mtoni, unaukaanga kwenye kikaango mpaka upate joto la mwili, unaujaza kwenye soksi, unafunga. Ukiulaza juu ya sahani, sahani inadhani ni mguu: una joto, una uzito, umelegea. Na tofauti na mguu, mchanga haujawahi kuogopa kitu. Abiria anaweka miguu yake pembeni, na gari halimsikii tena. Wakikukuta nayo wanafunga gereji.

"Kaanga," nikamwambia. "Lakini usiweke mpaka nirudi."

*

Mzee tulimlaza kwenye mkeka kivulini, maana kumpandisha na kumshusha kila mara ingekuwa ukatili. Nikaendesha, Hango akakaa abiria. Tukaenda barabara ya Dodoma mpaka kwenye tenki la maji na kurudi. Gari likatulia kama limepewa mahari.

"Mnaona?" mzee akaita kutoka kwenye mkeka, na sauti ilikuwa na huzuni ya mtu aliyeshinda ubishi asiotaka kuushinda. "Bila mimi linateleza."

"Bado mguu mmoja," nikasema. "Dada Yasinta, karibu."

Akaacha begi. Akakaa nyuma, mahali pake pale pale. Tukatoka.

Barabara ya Dodoma. Hatujafika hata kwa wauza asali, kwikwi! Vuta, sita. Vuta, sita. Kwenye kisomeo sahani yake ilikuwa inawaka na kuzima kama taa ya kona.

"Vua viatu," nikasema. Akavua. Kwikwi.

"Sogea kiti cha upande wa pili." Akasogea. Kwikwi ikahamia upande wa pili pamoja naye.

Hapo mimi, kwa akili zangu zote, nikawa bado nafikiria jasho, unyevu, labda ana miguu ya baridi. Nikageuza gari turudi gereji, na kwa kuwa nilikuwa nimezama kwenye kisomeo, nikaipita gereji, nikaendelea na barabara ya Singida. Ndipo nikagundua kwamba kwa muda sasa mgongo wangu umepumzika. Gari lilikuwa linateleza kama mlenda kooni.

Nikageuza tena. Dodoma: kwikwi. Nikageuza. Singida: mlenda. Nilipokata usukani mara nyingine, akasema, bila kupaza sauti, "Fundi, acha. Umeshaelewa."

Nikaegesha kando. Treni ilikuwa inapita, tukaisubiri iishe, na nilishukuru kwamba ni ndefu.

"Basi," nikasema, "mimi nilidhani ni wewe tu huipendi Dodoma. Hata mimi zabibu zao..."

Hakucheka. Utani ukaanguka pale katikati ya viti, tukauacha.

"Weka soksi," akasema. "Nimemsikia mwenzako. Weka kwangu, useme ni kifaa, turudi barabarani."

"Unajua soksi inafanya nini?"

"Inaninyamazisha. Ndicho ninachotaka."

"Dada Yasinta, ungekuwa umekataa moja kwa moja, gari lingesimama. Mimi naona waliokataa, wapo, gari halitoki hata getini. Lako halijasimama. Linapiga kwikwi. Mguu wako unasema hapana, halafu ndiyo, halafu hapana. Huko chini kuna ubishi."

"Najua kuna ubishi. Si ni mguu wangu?" Akafuta kioo kwa kiganja ingawa hakikuwa na kitu. "Baba yangu alipokufa, huyu ndiye aliyenibeba mgongoni kwenda makaburini. Nilikuwa mzito, na njia ni ya kupanda. Hakunishusha. Sasa walipoita kikao, ukoo mzima umekaa, na mwenyekiti wa ukoo akaniuliza: 'Yasinta, mwanetu, si utamwokoa baba yako?' Nyemo, wewe una maneno mengi. Swali hilo lina majibu mangapi?"

"Moja."

"Nikatoa hilo moja. Wakapiga vigelegele. Shangazi akaenda kuinjika pilau."

"Na daktari?"

"Aliniuliza kama nimeridhia. Hango alikuwa ameketi hapo hapo, anaikunja kofia yake kama anaikamua. Nikasema ndiyo."

"Na ungeulizwa peke yako? Vizuri?"

Kwa mara ya kwanza akaniangalia kwenye kioo cha katikati. "Sijui. Ndicho kinachonitafuna: sijui. Labda ningesema ndiyo kwa moyo mweupe. Labda hapana. Sikupewa hata nusu saa ya kutojua. Weka hiyo soksi. Nikifika nitalala kitandani, watanidunga sindano, na kuamua hakutakuwa kazi yangu tena."

Sasa unielewe mimi ni mtu wa namna gani. Nina majibu ya kila kitu. Lakini pale kwenye usukani nikaanza kuhesabu njia. Nikiweka soksi, mzee atapona kwa figo ya mtu niliyemziba mdomo, tena kwa ombi lake mwenyewe. Na ombi la mtu aliyebanwa na ukoo mzima ni ombi la nani? Nisipoweka, na nikanyamaza kama kiapo kinavyotaka, gari litaruka mpaka Dodoma usiku, nafasi itakwenda kwa mwingine, na mzee atakufa akidhani ameuawa na miguu yake mwenyewe. Nikisema, nimevunja kiapo, na nimempokonya Yasinta kitu pekee alichokuwa amekificha vizuri.

Kila upande nikigeuza, kwikwi.

*

Gereji kulikuwa na harufu ya mchanga wa moto. Chilewa amesimama na kikaango kama mpishi wa shule. Hango ameshampakia baba yake, mlango wa nyuma umeachwa wazi unisubiri.

"Umepata?" Hango akauliza.

"Nimepata."

"Ni miguu yangu," mzee akasema.

Nikaijaza soksi, nikaifunga, nikaipima shavuni kama mtu anavyopima maziwa ya mtoto. Yasinta alikuwa ameshakaa, uso mbele, begi mapajani. Nikazunguka upande wa mzee kwanza, kwa sababu mlango wa upande huo ndio uliokuwa wazi. Kweli kabisa, sababu ilikuwa mlango tu.

Nilipopiga magoti, mzee akanyoosha ile miguu yake kunielekea, yote miwili, kwa shida, anashika paja kuisaidia. "Weka hapa, mtani," akasema. "Nimewachosha watoto wa watu. Kama kuna dawa ya kufanya gari linisahau, weka."

Ningeweza kuweka mbili. Hilo nalijua, na nililijua pale pale: moja kwake ya kumdanganya, moja kwa Yasinta ya kazi. Mchanga ulikuwepo, soksi Chilewa anazo, na nisingesema uongo hata mmoja kwa mdomo. Lakini ile miguu ilikuwa imenyooshwa mbele ya uso wangu, inaomba msamaha, na haikuwa imefanya lolote.

"Mtani," nikasema, "rudisha miguu yako. Haina kosa."

Hilo tu. Nikapitisha mkono juu ya magoti yake, nikailaza soksi kwenye sahani ya pili, ya Yasinta.

Sasa mtu aliyetumia maisha yake mnadani, anayejua nani atapandisha bei kwa kuona tu nyusi inavyokunjwa, huyo humwambii kitu mara mbili. Mzee Gwau akaiangalia soksi. Akaangalia miguu ya Yasinta, iliyokuwa imerudi nyuma chini ya kiti kama inajificha. Akaangalia uso wake. Kisha ile sauti ya mnadani ikatoka, ndogo, lakini ni ile ile.

"Hango. Geuza gari. Tunarudi nyumbani."

"Baba, unasema nini?"

"Geuza."

"Baba, utakufa! Fundi, umemwambia nini?" Hango akanirukia kola, Chilewa akaingia katikati na kikaango chake, mchanga ukamwagika kwenye viatu vya kila mtu. "Umemwambia nini baba yangu?"

"Sijamwambia kitu."

"Usinichezee!" Huyo hakuwa Hango. Alikuwa Yasinta, ameshuka, amesimama mbele yangu na machozi ya hasira. "Nilikuambia uweke. Sikukuambia useme. Nilikuwa nimeshafika, unaelewa? Moyoni nilikuwa nimeshafika. Sasa nirudi nyumbani na mzee anayekufa, na ukoo mzima ujue ni mguu wangu?"

Nikakung'uta mchanga kwenye viatu vyangu.

Yasinta akaivuta soksi kwenye sahani akaitupa huko, ikapasuka kwenye tairi la trekta. Akazunguka mbele, akakaa kwenye usukani. "Ingieni. Nakwenda Dodoma. Dereva hasomwi."

Na ni kweli. Dereva hana sahani. Angekaa pale tangu Singida, hakuna ambaye angejua lolote, na mimi ningekuwa nakula mihogo yangu kwa amani.

Gari likaanza kutoka. Kisomeo changu kilikuwa bado kimechomekwa ndani, waya unaburuzwa, nikarukia kiti cha nyuma kukiokoa. Ndivyo nilivyojiambia.

*

Yasinta usukani, Hango pembeni yake, mimi na mzee nyuma. Tukapita wauza asali vizuri. Tukapita tenki la maji vizuri. Tulipoanza kuteremka Saranda, gari likashtuka.

Vuta, sita. Vuta, sita.

"Nini tena?" Hango akashika dashibodi. "Si ulisema dereva hasomwi?"

Nikaangalia kisomeo. Sahani ya Hango imetulia kama bwawa. Sahani yangu mwenyewe, naona haya kusema, ilikuwa inapepesa, nikavilegeza vidole kwa nguvu. Lakini kwikwi haikuwa yangu. Sahani ya mzee ilikuwa imewaka mwanga mmoja wa moja kwa moja, hauzimi. Huku nyuma lori likatupigia honi, karibu kabisa, maana kwenye kona zile ukishtuka ovyo unamshtua na wa nyuma yako. Yasinta anaikanyaga pedali, gari linavuta. Mzee anakaza, gari linakataa, na ni mteremko tu unaotuzuia kusimama.

Alijua bila kuangalia kisomeo. "Baba mdogo, legeza mguu."

"Umevimba, mama. Haulegei."

"Baba mdogo!"

"Nimesema haulegei."

Lori likatupita, dereva wake akatutukana mpaka kizazi cha nne. Yasinta akapunguza, tukawa tunateremka mwendo wa mtu na ng'ombe wake.

"Basi niulize," akasema.

"Nikuulize nini?"

"Walichoniuliza kikaoni. Wewe hujawahi kuniuliza. Ulikaa pale pembeni, ukaangalia chini, wakaniuliza wao."

Hango akafungua mdomo, na mimi, ambaye sijawahi kumwomba mtu anyamaze maishani, nikamgusa bega. Akaufunga.

"Niliona haya," mzee akasema. "Mtu anaombaje kitu kama hicho? Ng'ombe ningejua kumtajia bei." Akavuta pumzi, ikagoma, akaivuta tena. "Yasinta. Kaka yangu aliniachia mtoto, hakuniachia vipuri. Unataka kunipa figo yako? Ukisema hapana, nabaki baba yako mdogo, na kesho nakugombeza juu ya chumvi kama kawaida. Nimekuuliza. Sasa jibu ni lako, na usilitoe haraka."

"Naogopa," Yasinta akasema.

"Sawa."

"Hilo siyo jibu. Ndilo linalotangulia. Jibu nitakupa tukifika Kintinku."

"Nitalisubiri. Sina pa kwenda."

Nikaangalia kisomeo mkononi mwangu. Kingenionyesha mguu wa mzee unavyoupokea ule muda wa kusubiri, kila hatua, kabla mdomo wake haujasema. Ningeweza hata kumwambia Yasinta ahame kiti kidogo tu, nimsome, nimsaidie kujua. Nikachomoa waya. Nikakizima, nikakikalia.

Kilichobaki ni kusikiliza kwa mgongo, kama abiria yeyote. Kabla hatujamaliza kona za Saranda gari liliacha kushtuka. Lilikwenda polepole mno, baiskeli mbili zilitupita, lakini halikushtuka.

Kintinku Yasinta akaegesha mbele ya wauza mchele. Akazima. Akageuka mwili mzima kumwelekea mzee.

"Leo hapana," akasema. "Siyo hapana ya milele. Sijui. Lakini kesho asubuhi, hapana. Nakupeleka ukasafishwe damu, nakaa na wewe huko huko. Nitafikiri kwa kichwa changu, siyo kwa kichwa cha shangazi. Daktari nitamwambia mimi mwenyewe."

Mzee akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama anagonga nyundo ya mnada juu ya bei ndogo lakini halali. "Nimekusikia, mama. Asante."

Akampa mkono kati ya viti. Yasinta akaushika, akalilaza paji lake la uso juu yake, na mimi nikachukua kisomeo changu, nikafungua mlango nikashuka, kwa sababu pale hapakuwa na kazi ya fundi.

Hango naye akashuka. Macho mekundu. Akasimama karibu nami, tukaangalia magunia ya mchele kama tunataka kununua.

"Umelitengeneza gari," akasema.

"Halijatengenezwa na mimi."

"Usijitoe. Ungeweka soksi, ukanyamaza, kesho baba yangu angekuwa mzima." Hakupaza sauti, ingekuwa nafuu angepaza. "Nafasi ikirudi baada ya miezi, sijui kama atakuwepo. Akifa, Nyemo, nitakuletea habari."

Nilitazama mle ndani. Mzee alikuwa anasema kitu, Yasinta anacheka huku anafuta pua kwa mgongo wa mkono.

"Niletee," nikasema. "Uje mwenyewe, usipige simu. Mimi ni mtani wenu, Hango. Msiba wenu una kazi yangu."

Akaitikia kwa kichwa, akapanda. Gari likaingia barabarani likaelekea Dodoma, laini, bila hata mtikisiko mmoja.